Nilimlilia Albina Akiwa Hai

Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua nilivyofungwa. Kwa aliyelikuta gazeti hili leo limefungiwa maandazi, nitamweleza haraka, halafu twende.

Naitwa Gaudensi, mwigizaji. Shule niliishia darasa la tano. Nilikuwa naigiza filamu za hapa hapa Sumbawanga, zile mnazoziona kwenye vibanda vya video kwa kubanana. Siku moja mwongozaji wetu, Adolfu, alinivalisha sare ya mkaguzi wa mazao, akanipa mti wa kizuizi na kamba, akanisimamisha kwenye barabara inayotokea Milanzi. Yeye akaingia kichakani na kamera.

Lori la kwanza lilikuwa la kwetu, la kuigiza. La pili halikuwa la kwetu.

Dereva alishuka, akaniita mheshimiwa, akashusha gunia la mahindi kando ya barabara, akapanda, akaondoka. Sikuwa nimemwuliza hata jina. Nikageuza shingo kuelekea kichakani.

"Endelea, Gau, endelea," Adolfu akanong'ona. "Usiangalie kamera."

Nikaendelea. Kufika saa saba mchana nilikuwa na magunia tisa na kuku wawili. Saa saba na nusu walikuja polisi, na wao pia hawakuwa wa kuigiza.

Mahakamani Adolfu alishika Biblia akasema siku ile kikundi hakikuwa kinarekodi. Nikapewa miaka mitatu kwa kujifanya mtumishi wa serikali. Wanaokula magunia barabarani kweli kweli bado wanakula. Aliyefungwa ni aliyekuwa anaigiza.

Mwaka wa pili wa kifungo mke wangu Albina alifariki. Barua ya msiba ilikaa siku tisa kwenye meza ya mkubwa mmoja wa gereza, imewekewa kikombe cha chai juu yake. Nilipoitwa kusomewa, alama ya kikombe ilikuwa imezunguka jina la marehemu. Nikauliza kama naweza kupelekwa kaburini. Wakasema gari halina mafuta. Siku ile ile nililiona gari hilo hilo likipeleka viazi vya mkubwa mjini.

Basi, nimetoka. Nina miezi miwili uraiani, nimepanga chumba Katandala. Binti yetu Jenifa, mwenye miaka kumi na moja, yuko Izia kwa bibi yake. Na wiki iliyopita niliwaacha mkiwa na mimi mlangoni kwa Adolfu, mkono nimeuinua, sijagonga.

Niligonga.

"Nani?"

"Gaudensi."

Kiti kikasogezwa.

"Gaudensi yupi?"

"Uliyemwacha kizuizini."

Mlango ukafunguliwa. Adolfu amenenepa. Alinikumbatia, akanisukuma nyuma anitazame, akanikumbatia tena.

"Kaka Gau. Mshikaji wangu. Umetoka lini?"

"Mwezi wa nne."

"Mwezi wa nne, na hukuja kunisalimia." Akanuna. Ndugu msomaji, yeye ndiye aliyenuna.

Nikaingia, nikakaa. Nilikuwa nimejiapiza kutosema neno la kesi, maana nilikwenda kutafuta kazi. Upande huu wote mwenye kamera ni yeye. Lakini mdomo wangu haukusoma hata hilo darasa la tano.

"Kwa nini uliwaambia hatukuwa tunarekodi?"

"Kwa sababu hatukuwa tunarekodi. Betri iliisha saa tatu asubuhi."

Nikamwangalia.

"Betri iliisha saa tatu, na saa sita ulikuwa unaniambia niendelee?"

"Kaka, ulikuwa umeingia kwenye uhusika. Ulikuwa mkaguzi mpaka kwenye kucha. Ningekukatisha vipi? Nilikuwa kule kichakani nalia kwa furaha." Akanigusa goti. "Na Biblia nimeshika. Ulitaka niape uongo?"

Ndio watu wanaotuongoza hao. Uongo hawasemi.

Nikameza. Nikamwambia shida yangu ni kazi, hata ndogo. Akatazama dari, akatazama shavu langu la kulia, pale jembe la mfungwa mwenzangu liliponirukia tukiwa tunapalilia mahindi ya gereza.

"Wafadhili hawataki sura ya mfungwa kwenye bango. Si mimi, ni wao. Lakini ninayo nafasi moja. Maiti."

"Maiti?"

"Maiti muhimu. Filamu yote inamzunguka yeye. Yuko chini ya shuka tangu mwanzo hadi mwisho."

"Maneno yake ni mengi?"

"Kaka, ni maiti."

Nikakubali. Nani angekataa? Miaka mitatu nililala juu ya sakafu ya saruji. Kulala kitandani na kulipwa ni kupanda cheo.

"Basi tunaanza Jumamosi," akasema.

"Jumamosi siwezi. Nakwenda Izia, kumlilia Albina."

Hapo ikabidi nimweleze, na ninyi niwaeleze. Kwa ukoo wa mke wangu, aliyekosa mazishi haingii nyumbani kimya. Anaanza kulia pale njia panda, anakuja kwa miguu akilia, na wanawake wa nyumbani wakimsikia wanakipokea kilio. Wakikipokea, umeingia. Unakalishwa mkekani, mama mkwe anakunyoa nywele kwa mkono wake, unanyweshwa uji wa ulezi, ugane wako umeisha na mtoto ni wako. Wasipokipokea, unarudi na njia uliyojia.

Na shemeji yangu Teodori, kaka wa marehemu, ambaye ni katekista na mtu wa kushika saa, alinipigia simu hivi: "Jumamosi saa nne kamili. Ukishindwa, Jumatatu Jenifa anapanda basi la Mpanda kwa mama yake mdogo. Na shemeji, usije kutuigizia."

Adolfu alisikiliza yote akiwa ameacha mdomo wazi.

"Kilio cha kweli," akasema taratibu. "Mgane katoka gerezani, anatembea analia, mtoto yuko mlangoni." Akasimama. "Achana na maiti. Hii ndiyo filamu, na wewe ndiye bango lenyewe. Tunakuchukua upande wa kushoto, kovu halionekani. Nakuja na simu tu. Sitasogea karibu."

"Ni msiba wa mke wangu, Adolfu."

"Ndiyo maana yake."

Nilitakiwa kusema hapana. Neno lina silabi tatu, hata mimi naliandika bila kukosea.

Nikasema, "Tutaona."

Sasa niwaambie siri ya kazi.

Watu waliniita fundi wa machozi. Walidhani napaka kitunguu. Sikuwahi. Kila nilipotakiwa kulia, nilifumba macho nikamwona Albina amelala kwenye jeneza, pamba puani, kanga yake ya kijani imekunjwa kifuani. Machozi yalikuja yenyewe. Miaka kumi na mbili nilifanya hivyo.

Na yeye alijua. Nikirudi nyumbani alikuwa akinipakulia ugali huku ananihoji.

"Leo umeniua na nini?"

"Lori limepinduka."

"Afadhali. Juzi ulinipa kuhara."

"Juzi tulikuwa na haraka."

"Na nani alinizika?"

"Sikufika huko. Adolfu alikata."

"Siku nikifa kweli, Gaudensi, utalia na nini? Utakuwa umenimaliza."

Tukacheka sana. Alikuwa mwanamke wa kucheka mpaka anashika ukuta.

Siku ile waliponisomea barua yenye alama ya kikombe, nilifumba macho nikamwona Albina kwenye jeneza, pamba puani, kanga ya kijani. Nikasubiri. Hakuna kilichokuja. Picha ilikuwa ile ile, na mwili wangu ulishazoea kwamba baada ya picha ile tunakunja vitu tunarudi nyumbani kula.

Mkubwa wa gereza akaniandika kwenye faili lake: mfungwa amepokea taarifa kwa utulivu. Wakanisifu kwa hilo mbele ya wenzangu.

Ijumaa asubuhi nilijaribu tena, chumbani Katandala. Nikafunga dirisha, nikapiga magoti, nikaanza kwa sauti. Sauti ninayo. Machozi hakuna. Nikaongeza sauti. Mama mwenye nyumba akagonga.

"Baba Jenifa, tumbo?"

"Hapana mama. Nafanya mazoezi ya kulia."

Akasogea karibu na mlango.

"Kwa kodi ya mwezi huu au kwa jambo jingine?"

Nikaacha mazoezi. Jioni nilikula ugali na samaki migebuka wawili, nikalala macho makavu kama kuni za kuuza.

Jumamosi upepo wa Juni ulikuwa unavuma ule wetu wa kukata masikio. Nilitembea hadi Izia nikiwa na koti la kuazima. Njia panda, pale nyumba zinapoachia mashamba na mabua ya mahindi yamesimama makavu, Teodori alikuwa ananisubiri, saa mkononi.

"Shemeji."

"Shemeji."

"Saa nne kasoro dakika mbili," akasema. "Umewahi. Huko mlikokuwa wanawafundisha kuwahi."

"Wanatufundisha mengi. Hata kuimba kwaya."

"Umejiandaa?"

"Mtu anajiandaaje kulia, Teodori?"

"Wewe ndiye tungekuuliza." Akasogea karibu, akanusa hewa. "Fungua viganja."

Nikafungua. Akavikagua vyote viwili, akavinusa, akatafuta kitunguu mpaka mfuko wa koti. Alikuta leso na rozari ya plastiki. Leso akaikunjua, akainusa nayo.

"Shemeji, mbona unanipekua vizuri kuliko askari jela?"

"Askari jela hawakuzaliwa tumbo moja na Albina." Akanirudishia leso. "Saa nne. Anza."

Akatangulia nyumbani. Nikabaki peke yangu pale njia panda na macho makavu.

Nilifumba. Jeneza, pamba, kanga. Hakuna.

Mbele, kama hatua mia mbili, niliona watu wamejaa uani kwa mama mkwe. Moshi wa jiko ulikuwa unapanda. Nikaliona gauni la njano, fupi kuliko linavyotakiwa, na miguu mirefu nisiyoijua. Ndiye Jenifa. Alikuwa na miaka minane nilipoingia.

Jumatatu, basi la Mpanda.

Hapo nikaiacha sura ya Albina nikatafuta jambo jingine. Nikajifikiria mwenyewe. Nikaifikiria kesi yangu, magunia tisa, betri ya saa tatu, kikombe cha chai juu ya barua. Nikamwona Gaudensi anavyoonewa na kila mwenye kiti na meza. Nikamhurumia sana Gaudensi. Na machozi, ndugu zangu, yakaja mengi kama ya zamani.

Nikaanza kutembea nalia. Nililia kwa hatua, sauti inaanzia chini, inapanda, inavunjika katikati, inarudi. Mikono kichwani. Nilipofika kwenye rundo la matofali ya kuchoma nikaanguka kwa goti moja, nikainuka. Goti moja linatosha. Ukianguka kwa yote mawili watu wanakuja kukuinua na mwendo unaharibika.

Na wanawake wakapokea.

Walipokea, jamani. Sauti kumi na tano kwa pamoja. Mama mmoja mnene akavua kilemba akakitupa chini. Mama mkwe, Bi Silvana, akasimama kizingitini na fimbo yake. Hata Teodori aliishusha saa yake. Mkeka ukatandikwa. Nilikuwa na hatua tano tu kuufikia.

"Bibi," sauti ikasema, si kubwa, "hicho ni cha Mzee Kisado."

Wanawake wakanyamaza mmoja mmoja.

"Cha nani?" Bi Silvana akauliza.

"Mzee Kisado, kwenye filamu ya baba, ile ya shamba la urithi. Analia hivyo hivyo, halafu anaanguka goti moja kwenye matofali." Jenifa hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtoto anayejua jibu darasani. "Sasa hivi anashika kichwa, anasema, mmeniachia nani."

Ndugu msomaji, mikono yangu ilikuwa kichwani, na maneno hayo yalikuwa yameshafika kwenye meno.

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajikohoza. Yule mama mnene akaokota kilemba chake akakikung'uta vumbi.

"Nilikwambia usije kutuigizia," Teodori akasema.

"Shemeji, nisikilize."

"Nimekusikiliza tangu njia panda. Na kijiji kizima kimekusikiliza." Akaanza kuukunja mkeka. "Mama, si mnaona? Dada yangu aliolewa na huyu miaka kumi na tatu, hata kifo chake anakililia kwa kilio cha mtu mwingine."

"Teodori, acha mkeka," Bi Silvana akasema.

"Mama."

"Acha mkeka. Wewe Jenifa, njoo hapa. Hiyo filamu umeiona wapi? Humu ndani hatuna video."

Jenifa akaangalia miguu yake.

"Kwenye simu ya mama. Wodini."

Sikuwa nimejua kwamba Jenifa alikuwa analala naye wodini. Hakuna aliyeniandikia.

"Alikuwa anaangalia filamu, mgonjwa vile?" Teodori akauliza.

"Si yote. Alikuwa ananiambia niipeleke mbele, dakika ya arobaini, pale baba analia. Kila siku baada ya dawa ya jioni. Anaangalia mara mbili au tatu, halafu anazima kutunza chaji."

"Na alikuwa anasema nini?" bibi akauliza.

"Alikuwa anacheka." Jenifa akanitazama kwa mara ya kwanza usoni. "Anasema, msikie baba yako, ananililia mimi huyo. Alikuwa anawaambia na wale wa vitanda vingine. Anasema wao watakufa hawajui wataliliwaje, yeye peke yake ndiye aliyekwisha kukisikia kilio chake."

Hakuna aliyecheka sasa.

"Siku ya mwisho sauti ya simu ilikuwa haitoki vizuri," Jenifa akaendelea. "Akasema basi, usihangaike, nakijua. Akawa anakifuatisha mwenyewe, polepole, kama wimbo. Alipofika kwenye mmeniachia nani, akaacha."

Mimi nilifungwa kwa kuigiza. Yeye alikufa akisikiliza maigizo, na yale yalikuwa ya kweli. Nilikuwa nimemlilia kweli, kila siku ya kurekodi, miaka kumi na mbili, na nilidhani namtumia tu kwa kazi. Na mkubwa wa gereza akaniandika utulivu.

Sijui kilianzia wapi. Hakikuanzia kooni. Magoti yote mawili yalikwenda chini kwa pamoja, vibaya, jiwe likanichana. Sauti haikutoka. Kilichotoka ni kama kwikwi ya mtu aliyekabwa na ugali, na kamasi, na mate. Nilitaka kushika kichwa, mikono ikakataa, ikashika udongo. Kama ningefanya hivyo mbele ya Adolfu angesema kata, hakisikiki, rudia.

"Ameanza tena," Teodori akasema.

"Nyamaza wewe," Bi Silvana akasema. Nikasikia fimbo yake inakuja, tok, tok, ikasimama karibu na sikio langu. "Jenifa. Na hiki ni cha nani?"

Viatu vidogo vikasogea. Mkono mwepesi ukanigusa bega, ukakaa pale. Jenifa akainama, akasikiliza kama daktari.

Alichukua muda. Filamu zangu ni kumi na nne, na nadhani alizipitia zote.

"Hiki sikijui, bibi," akasema.

Yule mama mnene ndiye aliyepokea kwanza. Mara hii hakutupa kilemba. Alikaa tu chini alipokuwa, akaanza kulia kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyemkumbuka marehemu wake. Wengine wakafuata. Teodori alisimama na mkeka umekunjwa kwapani, akautazama, akautandika tena bila neno.

"Leta maji," Bi Silvana akamwambia. "Na wembe mpya, si ule wa kwako wa ndevu."

Nikakalishwa mkekani. Maji ya baridi yakamwagwa kichwani, na baridi ile ya Juni, lakini sikusikia kitu. Bado nilikuwa nalia, na ile kwikwi haikatiki. Mkono wa mama mkwe ulikuwa mkavu na mzito. Wembe ukaanzia sikio la kushoto.

"Unajua kwamba sikukupenda," akasema akiendelea kunyoa.

"Najua, mama."

"Mwanangu alikuwa na mchumba mwalimu."

"Najua, mama."

"Mwalimu yule sasa ni mkuu wa shule."

"Najua."

"Lakini hakuwahi kumchekesha." Akapangusa wembe kwenye kanga. "Tulia. Usitikise kichwa, nitakukata. Jenifa, nenda ukalete begi lako liwe karibu. Uji ukiiva baba yako anakunywa, halafu mnakwenda."

Jenifa hakwenda mara moja. Mkono wake ulikuwa bado begani kwangu, na mimi nilikuwa naogopa hata kupumua.

Nusu ya kichwa ilikuwa imekwisha kunyolewa, nusu ya kushoto. Nywele zangu zilikuwa mkekani, nyeupe kuliko nilivyodhani.

Ndipo nikasikia sauti kutoka nyuma ya ukuta wa matofali wa jirani. Ilikuwa inanong'ona. Ile ile, ya kichakani.

"Endelea, Gau, endelea. Usiangalie kamera."

Wembe ukasimama.

Watu wote wakageuka. Juu ya ukuta kulikuwa na simu, na nyuma ya simu mkono, na nyuma ya mkono kofia ya Adolfu. Hakuona hata aibu. Alipunga vidole kama mtu anayesaidia gari kurudi nyuma, kwamba nigeuke kidogo, upande wa kushoto.

"Mnarekodi," Teodori akasema. Hakupandisha sauti. "Mama, wanarekodi. Yote haya yalikuwa yamepangwa."

"Gaudensi," Bi Silvana akasema juu ya kichwa changu. "Mtu yule umemwita wewe?"

Ningesema hapana, na ingekuwa kweli. Ningesema nilimwambia tutaona, na hiyo ndiyo kweli zaidi. Sikusema lolote, kwa sababu kuna jambo jingine lilikuwa limeshatokea, na hilo siwezi kumsingizia Adolfu, wala mkubwa wa gereza, wala hakimu.

Sikuangalia kamera.

Miaka kumi na mbili ya kuambiwa, na mitatu ya kulipia. Sauti ile iliposema, shingo yangu ilitii. Machozi yalikuwa yale yale ya kweli, hayajakatika. Lakini kidevu kilipanda kidogo, na uso ukageuka taratibu, shavu la kushoto likaupata mwanga.

Hakuna aliyeliona hilo, wote walikuwa wanatazama ukutani. Isipokuwa mmoja. Mkono ukaondoka begani kwangu.

"Jenifa," bibi akasema, wembe bado hewani. "Wewe ndiye unayevijua. Ni kile kile cha mwanzo, au amebadilisha?"

Jenifa alitazama simu iliyokuwa ukutani. Akanitazama mimi, nusu mwenye nywele, nusu mpya. Akaanza kuzunguka mkeka, hatua kwa hatua, mpaka akafika upande wangu wa kulia, wenye kovu, ambao kamera haiuoni. Akachuchumaa pale, akanitazama.